Vichupo Vinavyoruka, na Ile Sentensi ya "Kwangu Inafanya Kazi"

Wiki hii hapa ni miradi tu. Mafainalisti hawalali, maabara inajaa mpaka usiku, na ukipita koridoni unakuta mtu kakumbatia laptopu kama mtoto mchanga. Mimi nina neno moja la kusema, na najua litawaudhi baadhi yenu. Ile sentensi ya "lakini kwangu inafanya kazi" tuizike. Imeshatuponza vya kutosha.

Nitaisema kupitia kitu kidogo kabisa: vichupo. Vile vya juu ya dirisha la programu, Wagonjwa, Miadi, Dawa, Malipo, Ripoti, ukibofya kimoja ukurasa wake unakuja mbele. Karibu kila mradi wa mfumo wa ofisini unaoonyeshwa hapa unavyo. Na kila mwaka kuna mtu anaangushwa navyo, siyo na hifadhidata, siyo na hesabu ngumu. Na vichupo!

Juzi dada mmoja wa mwaka wa mwisho alionyesha mfumo wa kumbukumbu za zahanati, kaandika kwa Java. Kazi nzuri, nawaambia kweli, mimi nilishaiona ikienda bila shida. Kwenye laptopu yake vichupo tisa vilikaa mstari mmoja, safi. Mbele ya jopo kompyuta ilikuwa nyingine, projekta ina upana wa pikseli 1024 tu. Vichupo vikakosa nafasi, vikajikunja safu mbili. Safu ya pili ikala nafasi ya ukurasa, ukurasa ukasukumwa chini, na kitufe cha Hifadhi kikaishia nje ya dirisha. Kibaya zaidi, kila akibofya kichupo cha safu ya juu, safu zinabadilishana nafasi, kichupo kinahama kutoka chini ya kipanya. Jopo likaandika kwamba mfumo haujakamilika. Miezi minane ya kazi, jamani.

Watu wakasema bahati mbaya. Mimi nakataa. Bahati mbaya ni umeme kukatika. Hili lina sababu, na sababu zake zinajulikana.

Sababu ya kwanza ni sura. Java ilikuja mwaka 1995 na ahadi kwamba utaandika mara moja na programu itaendeshwa popote. Kuendeshwa, sawa. Kuonekana vilevile, hilo ni jambo jingine kabisa. Usipoiambia Swing itumie sura gani, kwenye Windows inakupa sura yake ya asili inayoitwa Metal, na kwenye Mac inakupa Aqua. Yaani hujabadilisha hata herufi moja ya msimbo, lakini vichupo vilivyokuwa vimepangwa kutoka kushoto sasa vimekaa katikati, vimeungana kama vitufe. Ukiomba sura ya mfumo wenyewe kupitia UIManager, kwenye Linux inategemea mtumiaji ana mazingira gani: akiwa na GNOME utapewa ya GTK, vinginevyo unaweza kurudishwa kwenye Metal. Kwa hiyo "sijagusa kitu" siyo utetezi. Usipochagua wewe, kompyuta inakuchagulia.

Sababu ya pili ni ugonjwa wetu wa pikseli. Nimepitia misimbo mingi tunayodesa hapa kampasi (tusifichane, tunadesa) na karibu yote ina setLayout(null), halafu setBounds imemwagwa kila mahali. Kitufe kiwe 340 kutoka kushoto, 520 kutoka juu, basi. Huo siyo mpangilio, huo ni msumari. Sura ikibadilika, vichupo vinaongezeka unene, ukurasa wa ndani unapungua, lakini kitufe chako kimepigiliwa palepale 520. Ndiyo maana cha yule dada kilizama. Vipangaji vya Java, kama BorderLayout na GridBagLayout, vinapima nafasi iliyopo ndipo vinagawa. Vinachosha kujifunza, sikatai. GridBagLayout inaweza kukutoa machozi siku mbili. Lakini ukishaiweza, dirisha likipungua kitufe kinasogea chenyewe.

Na msidhani ni Java peke yake. Wenzetu wa Python wanaotumia Tkinter wana yao. Ukipanga fonti ya ukubwa wa 12, hiyo ni pointi, siyo pikseli. Windows kwa kawaida inahesabu pikseli 96 kwa inchi na Mac inahesabu 72, kwa hiyo herufi ileile inakuwa na urefu wa pikseli 16 huku na 12 kule. Kichupo kilichokutosha kwenye Mac kinabana kwenye Windows. Halafu kuna vile viraka. Mtu anachukua Notebook ya ttk, ndani anaweka Frame ya zamani ya tk, anashangaa kwa nini ukurasa una rangi yake na kichupo kina yake, kama suruali iliyoshonewa kitambaa kisicholingana. Dawa ni kuweka Frame ya ttk yenyewe ndani, basi.

Sababu ya tatu ndiyo inayonikera zaidi, maana inaumiza mtumiaji kimyakimya. Rangi. Wengi tunapenda kichupo kiwe chekundu pale ambapo kuna kitu hakijajazwa. Wazo zuri, na kwenye Metal utaiona rangi hiyo. Kwenye sura ya kisasa ya Windows na kwenye Aqua, vichupo vinachorwa kwa mtindo wa mfumo wenyewe na rangi uliyoweka haionekani. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna programu kuzimika, hakuna chochote. Sasa fikiria muuguzi anayetegemea ule wekundu kujua kwamba sehemu ya mzio wa dawa haijajazwa. Kwake kila kitu kinaonekana kimekamilika. Hapo hatuzungumzii tena urembo wala alama za jopo, ndugu zangu. Hapo tunazungumzia mgonjwa. Kama taarifa ni muhimu, iandike kwa neno au weka ikoni kwenye kichupo, au alama ya nyota mbele ya jina. Neno halipotei ukihama kompyuta.

Haya, tufanyeje? Kuna kambi mbili na zimeshagombana sana pale kantini.

Kambi ya kwanza inasema lazimisha sura moja kila mahali. Chukua Nimbus, iliyokuja na Java 6 Update 10 mwaka 2008, au FlatLaf ambayo ni ya bure, au kwa watu wa Qt chukua Fusion, na programu itafanana Windows, Linux na Mac. Hoja yao ina nguvu: unachokijaribu kwako kinakaribia sana atakachokiona mwenzako. Kwa mwanafunzi mwenye laptopu moja na bumu lililokwisha tangu wiki ya pili, hilo siyo jambo dogo.

Kambi ya pili, na mimi nimo, inasema acha kila mfumo uchore vichupo kwa desturi yake. Mtumiaji hana kompyuta tatu. Ana moja, na ameshaizoea. Karani aliyekaa na Windows miaka kumi hajali kama programu yako inafanana na ile ya Mac ambayo hajawahi kuigusa. Anajali kichupo kiwe pale mkono wake unapokitafuta. Ila ukiingia kambi hii kuna sharti: usitengeneze kitu chochote kinachotegemea kimo cha kichupo, upana wake au rangi yake. Kurekebisha hitilafu za vichupo, kwa maoni yangu, siyo kuvilazimisha vifanane. Ni kuhakikisha kwamba visipofanana hakuna kinachoharibika.

Na kuna swali la nyuma zaidi ambalo hatujiulizi: vichupo tisa vya nini? Swing ina SCROLL_TAB_LAYOUT tangu toleo la 1.4 la mwaka 2002, inazuia ile safu ya pili na kuweka vishale pembeni. Mstari mmoja tu wa msimbo. Inaokoa, lakini sasa vichupo vya mwisho vimejificha nyuma ya kishale, na mtu asiyejua kama vipo hatavitafuta. Nimeshaona mhasibu akilalamika kwamba programu haina ripoti, kumbe kichupo cha Ripoti kiko nje ya macho yake. Mimi kanuni yangu ni hii: vikizidi vitano au sita, weka orodha upande wa kushoto, na kurasa zipokezane kulia kwa CardLayout. Orodha inashuka chini, haikunjiki, na majina marefu yanaenea.

Majina nayo. Tunaandika mfumo kwa Kiingereza, tunapima vichupo, halafu siku ya mwisho tunatia Kiswahili kama chumvi. "Appointments" inageuka Miadi na kuacha pengo, "Advanced" inageuka Mipangilio ya Kina na kumwagika. Kiswahili kwenye programu za mezani siyo jambo la jana. Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 2004. Kwa hiyo lugha isiwe kiraka cha dakika za mwisho. Anza nayo, na upana wa kichupo uamuliwe na jina lililomo, usiuamue wewe kwa rula.

Sasa nageukia idara, kwa heshima zote, wakubwa wetu shikamooni. Tunapewa alama kwa michoro ya hifadhidata, kwa ripoti ya kurasa themanini, kwa kuvaa tai. Kwa kujaribu programu kwenye mfumo wa pili, sifuri. Halafu siku ya jopo mnatuhamishia kwenye kompyuta ambayo hatujawahi kuigusa. Naomba mawili. Kompyuta ya jopo na projekta yake zitangazwe mapema, na kila mradi uje na picha za dirisha kutoka mifumo miwili tofauti, dirisha likiwa kubwa na likiwa dogo. Gharama? VirtualBox ni ya bure, Ubuntu ni ya bure. Mac utaazima kwa rafiki nusu saa. Skrini ndogo huhitaji hata kuazima, punguza tu upana wa dirisha lako uone nini kinazama.

Nasikia mtu anasema haya ni mambo madogo, mwajiri anataka mtu anayejua algorithimu. Sawa, zijue. Lakini mtumiaji haoni algorithimu yako. Anaona kichupo alichobofya kikihama, anaona kitufe hakipo, anafunga programu, anarudi kwenye daftari lake la kaunta. Na daftari, kusema kweli, halijawahi kumficha mtu kitufe cha Hifadhi.

Yule dada kapewa nafasi ya kuonyesha tena mwezi ujao. Ameshatoa setBounds zote na vichupo vimebaki vitano, nimeuona mfumo jana ukiwa kwenye dirisha dogo kabisa na kila kitu kipo. Wale mnaotoa udhuru wa "kwangu inafanya kazi", hebu punguzeni upana wa madirisha yenu leo usiku, kabla jopo halijawapunguzia. Halafu mniambie mmeona nini.

Alamsiki.