Sumu ya nge na haki ya mgonjwa wa saratani

Na Rehema Shekilindi

Anayemuuzia mgonjwa wa saratani matone ya sumu ya nge, au kumshauri aumwe na nyuki, huja na habari ya utafiti mdomoni. Utafiti wenyewe upo. Kinachofichwa ni ulipofikia.

Mwaka 2020, watafiti wa Perth, Australia, wakiongozwa na Ciara Duffy, walionyesha kuwa melitini iliyomo kwenye sumu ya nyuki inaua seli za aina mbili za saratani ya matiti zilizo ngumu kutibu. Hayo yalitokea maabara, na baadaye kwa panya. Melitini hutoboa utando wa seli, lakini chembe nyekundu za damu nazo haizisazi.

Matumaini yangu yako zaidi kwa nge wa majangwa ya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, Leiurus quinquestriatus. Sumu yake ina klorotoksini, kipande kidogo cha protini chenye asidi amino 36, kinachonasa zaidi kwenye seli za uvimbe wa ubongo kuliko kwenye seli nzima. Huko Seattle, Marekani, daktari wa saratani za watoto Jim Olson na wenzake waliiunganisha na rangi inayong'aa mbele ya kamera maalumu, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Ndani ya ubongo, uvimbe na nyama nzima vinaweza kufanana kabisa machoni pa mpasuaji. Akikata pungufu, saratani inabaki. Akizidisha, mtoto anaweza kupoteza usemi. Rangi ile imekusudiwa kumwonyesha mpaka, na imeshajaribiwa kwa wagonjwa, watoto wakiwemo. Hapo sumu haiui saratani. Inaifichua, kisu kikafanya kazi yake.

Safari hizi za kutoka sumu hadi dawa ni ndefu. Kaptopril, dawa ya presha iliyozoeleka, ilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaca, ambayo mtafiti Sérgio Ferreira aliichunguza miaka ya 1960. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1981. Tena kidonge hakina sumu ya nyoka. Wanasayansi waliiga tu inavyofanya kazi.

Serikali zetu zitenge fedha kwa wanaochunguza sumu za nyoka na nge wa kwetu. Nawe mwenye mgonjwa, muulize mwenye chupa: imejaribiwa kwa binadamu gani, na nani alisimamia? Akibabaika, weka fedha yako mfukoni, umpeleke mgonjwa hospitali wiki hii, uvimbe ukiwa bado mdogo.