Mwacheni Mahomes na Pasi Zake Fupi

Wachambuzi wa televisheni za Marekani wana wimbo mmoja: Patrick Mahomes, kwotabeki (mrusha pasi) wa Kansas City Chiefs, timu ya mpira wa Kimarekani, hafikishi tena pasi ndefu, kwa hiyo amekwisha. Huonyesha chati za mipira ya zaidi ya yadi 20, hutikisa vichwa kama wako matangani, kisha tangazo la bia huingia.  

Amekwisha vipi? Machi 2022 Chiefs walimwachia Tyreek Hill, mpokeaji wao mkubwa wa pasi ndefu, aende Miami. Bila Hill, Mahomes alichukua Super Bowl, fainali ya ubingwa, mara mbili mfululizo: 38-35 dhidi ya Philadelphia Eagles Februari 2023, na 25-22 dhidi ya San Francisco 49ers mwaka uliofuata. Anazo tatu.

Pasi ndefu haitoki mkononi tu. Walinzi wa mbele wamkinge kwotabeki, mpokeaji amtoroke beki, naye audake mpira. Novemba 2023, dhidi ya Eagles, Mahomes aliurusha mbali ukamfikia mpokeaji wake Marquez Valdes-Scantling mikononi. Ukamponyoka, Chiefs wakalala 21-17. Kwenye chati, hiyo ni pasi ya Mahomes iliyopotea! Tena wapinzani siku hizi huwaweka mabeki wawili nyuma kabisa. Juu kumefungwa, chini kuko wazi. Mwenye akili apite wapi?

Kuna hata waliolaumu kitambi, baada ya video yake akiwa kifua wazi kusambaa Januari 2024. Kitambi hichohicho kilinyanyua kombe wiki mbili baadaye.

Wachambuzi watakimbilia fainali ya Februari 2025, Chiefs walipochapwa 40-22. Siku hiyo Mahomes aliangushwa mara sita akiwa na mpira mkononi. Aliyelala chali arushe kwenda wapi? Na kwotabeki Peyton Manning je? Msimu wa 2015 alitoa pasi 9 tu za kufungia (tachidauni), 17 zikanaswa na wapinzani, na bado timu yake, Denver Broncos, ilitwaa ubingwa kwa ulinzi wake, 24-10.

Uongozi wa Chiefs haukusikiliza chati. Aprili 2025, katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya, ulimchukua Josh Simmons, mlinzi wa mbele.