Kamba ya Batian na Ulimi wa Kiswahili

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Methali hii yawafaa sana wakwezi wachache wanaothubutu kukwea Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya. Wengi wanaosema wamefika juu ya mlima huo hufika Lenana, mita 4,985, kwa kupitia Naro Moru, Sirimon au Chogoria. Huko mwenye pumzi na nguo nzito hahitaji kamba. Batian, mita 5,199, na jirani yake Nelion, mita 5,188, ni kuta za mawe. Hapo uhai wa mtu huning'inia mikononi mwa mwenzake.

Njia zinazotumiwa zaidi ni mbili. Ya kusini-mashariki, iliyofunguliwa na Shipton na Wyn-Harris mwaka 1929, hupanda Nelion kwanza. Kisha mkwezi huteremka katika Lango la Ukungu, pengo lililo baina ya vilele hivyo viwili, ndipo aukwee ukuta wa Batian. Ya kaskazini, iliyopandwa mara ya kwanza mwaka 1944, huelekea Batian moja kwa moja. Kwa kuwa mlima upo karibu na ikweta, jua huamua msimu: upande wa kaskazini hufaa kati ya Juni na Septemba, na wa kusini kuanzia Desemba hadi Machi.

Je, Kiswahili kina nafasi gani katika safari hiyo? Ikumbukwe kwamba Mackinder alipofika Batian tarehe 13 Septemba 1899, msafara wake ulikuwa na Waswahili zaidi ya 60. Hata hivyo, waliokanyaga kilele ni yeye na Ollier na Brocherel, wote wageni kutoka Ulaya. Kiswahili kilibeba mizigo, kikaishia kambini. Hadi leo wapagazi na waongozaji huzungumza Kiswahili njiani, lakini kamba inapofungwa, istilahi hugeuka kuwa za Kiingereza. Hili si suala la fahari tu. Katika ukungu, ambapo wakwezi wawili hawaonani, neno moja lisiloeleweka laweza kumwangusha mtu. Amri ya kukaza au kulegeza kamba yapaswa kutolewa kwa lugha ambayo wote wawili huisikia bila kuitafsiri.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani, haina msamiati wa milimani. Dai hili halina mashiko. Neno lenyewe mkwezi limetoka kwenye minazi. Aidha, mabaharia wa majahazi wamezipa kamba majina kwa kazi zake tangu kale: amari ni ya nanga, henza ni ya kupandishia tanga, demani ni ya kulidhibiti tanga upepo unapovuma. Wanajua kutweka, kutua na kufundika. Haimaanishi kwamba demani ihamishiwe mlimani kama ilivyo. Lakini watu waliokabidhi maisha yao kwa kamba baharini wana mengi ya kuwapa wanaofanya vivyo hivyo mwambani.

Wengine watauliza faida ya kuunda istilahi kwa ajili ya kilele kinachofikiwa na wachache. Jibu ni kwamba istilahi haipimwi kwa wingi wa watumiaji pekee, bali pia kwa uzito wa jambo linalotajwa. Rubani ni wachache, na madaktari wa upasuaji vilevile.

Kazi hii haihitaji kusubiri kamati. Mwanafunzi wa isimu akienda Naro Moru na daftari, akawasikiliza waongozaji, kisha akateremka Lamu kuwasikiliza mabaharia, atarudi na orodha ambayo kamusi zetu hazijaipata. Mwacha asili ni mtumwa. Na mwenye mlima asiyeweza kuusimulia kwa lugha yake ataendelea kuusoma katika vitabu vya wageni.