Nani Kamfuata Mwenzake: Nyumba au Barabara?

Upo msemo uliozoeleka mno miongoni mwa wakuu wa ujenzi: je, barabara imekufuata, au wewe ndiye uliyeifuata? Aliyefuatwa hulipwa fidia. Aliyefuata hupigiwa alama nyekundu ya X ukutani na kuamriwa abomoe kwa gharama yake. Msemo huo una mantiki yake Dar es Salaam, ambako wajanja wengi walijenga maduka katika hifadhi ya barabara huku wakijua. Kuupeleka Kasulu na Kibondo vivyo hivyo ni dhuluma.

Waha hawakuwa watu wa kandokando ya barabara. Waliishi kwa kutawanyika vilimani, kila kaya na migomba yake. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Watu wakahamishwa, na wako waliovunjiwa nyumba za zamani ili wasirudi. Vijiji vingi vikapangwa kando ya barabara, shule na zahanati ziwafikie wananchi kwa urahisi. Mwananchi hakuchagua kiwanja. Alionyeshwa.

Leo mzee huyo, au mwanawe aliyerithi nyumba, anaambiwa kwamba yeye ndiye aliyeifuata barabara! Na anayemwambia ni Serikali ile ile iliyomleta hapo.

Hakuna anayeipinga lami. Barabara ya Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, ilingojewa kwa miaka mingi na wakulima ambao mazao yao yalikwama matopeni kila masika. Hoja ni haki ya mwenye nyumba. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliyekuwamo tayari katika mita 7.5 za nyongeza hulipwa; hapo hapana ubishi. Ubishi umo ndani ya zile 22.5, na humo ndimo urasimu unamojificha. Afisa hunyoosha futi kamba, husoma namba, huondoka. Haulizi ni nani aliyempa mtu huyu kiwanja.

Swali hilo sheria imekwisha kulijibu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikathibitisha ugawaji uliofanywa katika operesheni za kati ya 1970 na 1977. Mtu aliyewekwa na Serikali mahali fulani hawezi kugeuzwa mvamizi wa mahali hapo.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea ujeuri na dharau ya viongozi kwa wananchi. Rangi nyekundu isiyotanguliwa na swali ni dharau ya namna hiyo hiyo. Ofisi ndiyo ithibitishe kwamba nyumba ilijengwa kwa uvamizi, si mzee kuthibitisha kwamba alihamishwa. Nao watendaji wa vijiji na walimu wanaoijua historia ya vijiji hivyo waiandike na kuifikisha kwa wathamini kabla tingatinga halijawashwa.