Kijana wa Litembo na chumba cha kupanga

Kijana anayeshuka kutoka Litembo, kijiji cha milimani wilayani Mbinga, kwenda kupanga chumba Mbinga mjini au Songea anaacha mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mlimani, yaliyomtoa jasho na chungu cha maharage cha mama. Mjini anapokewa na bodaboda, chipsi mayai na soda. Hatumlaumu: chumba ni kidogo, na kipato ni kidogo zaidi. Lakini maharage na dagaa wa Nyasa hupikika kwa gharama ndogo wapangaji wakichangia mkaa. Na jasho la shambani nalo lina mbadala: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwenda kazini kwa miguu, kwa mwendo wa haraka, kunaweza kuzitimiza. Wazazi, mfungashieni maharage, na wavulana nao wafundishwe kupika kabla hawajaondoka.