Bibi akihema, msimkalishe tu

Mwika ni kupanda na kushuka, na mwenye pumzi fupi hafichiki. Bibi aliyezoea kubeba ndizi hadi sokoni sasa anasimama kila baada ya hatua chache. Wajukuu wanamwambia, "Bibi, kaa, tutafanya sisi." Ni upendo, lakini akikaa miezi mingi anazidi kuishiwa nguvu.

Wengi wa akina bibi hawa hawajawahi kuvuta sigara. Wamepika kwa kuni miaka na miaka katika jiko lisilo na dirisha. Moshi huo huleta ugonjwa sugu wa mapafu, kama iletavyo sigara, vumbi la migodini na kifua kikuu cha zamani. Utafiti wa vijijini Morogoro uliochapishwa 2018 uliukuta kwa zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila 10.

Ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba ugonjwa huu hauishii kifuani, unashuka hadi miguuni. Ndani ya msuli mna vinu vidogo, mitokondria, vinavyochoma sukari na mafuta kwa oksijeni ili kutoa nguvu. Kwa wagonjwa wengi vinu hivyo hupungua mapajani. Msuli hutumia sukari bila oksijeni, asidi hujaa upesi, na miguu huchoka mapema.

Anayesimamia akiba ya nguvu ni kimeng'enya kiitwacho AMPK. Mfananishe na mama anayeona debe la unga limefika chini, akatuma mtoto mashineni. Nguvu ikipungua, kimeng'enya hiki huamuru msuli uchome sukari na mafuta zaidi, na baada ya wiki kadhaa uongeze vinu vipya. Kutembea ndiko hukiamsha. Msuli unaokaa bure haupati amri hiyo, nao husinyaa.

Kwa hiyo kwanza mpelekeni bibi hospitali apimwe kwa kupuliza kwenye mashine, apate dawa. Mwulizeni daktari mazoezi yanayomfaa. Mara nyingi ni kutembea tambarare kidogo kidogo, kupumzika, kisha kuendelea, na kusimama na kuketi kitini mara kadhaa. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache na arudi kwa daktari.

Mapafu yaliyoharibika hayawi mapya, lakini miguu hupata nguvu tena. Nanyi akina baba, toboeni dirisha jikoni wiki hii. Binti anayekoka moto leo ndiye bibi wa kesho.