Matembezi ya Jumapili: Kutoka Isecheno Hadi Rosterman

Leo watoe watoto mbele ya televisheni. Mkiwa Kakamega mjini, pandeni matatu hadi Shinyalu, kisha bodaboda hadi kituo cha misitu cha Isecheno. Tafuteni kiongozi wa kuwatembeza. Njia ya kilima cha Lirhanda si ngumu. Hata nyanya atafika akipewa muda. Inueni macho muwaone mbega matawini. Kilimani pana shimo la mgodi wa kale, sasa makao ya popo.

Shimo hilo lina ndugu yake mkubwa. Alasiri rudini mjini, mshuke upande wa kusini hadi Rosterman. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931, Wazungu walifurika hapa. Sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ni yao milele. Milele hiyo ilidumu miaka miwili! Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliigeuza, wachimbaji wakapewa ardhi bila mwenyewe kutengewa nyingine.

Mgodi ulifungwa 1952, lakini wenyeji wangali wanachimba. Washikeni watoto mkono, maana mashimo mengine hayana uzio. Na mkimkuta mtu akiosha mchanga karaini, msalimieni kwanza kabla ya kutoa kamera.